Bomba Lililosimama, Bomba Lililolala

Alipiga hodi mara moja tu, akanyamaza. Nikafungua nikiwa na mswaki mdomoni. Mama wa chini alikuwa amesimama kwenye ngazi na khanga zake mbili, mikononi ameshika sufuria ya maharage, kama mtu aliyemletea jirani chakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu chungulia."

Nikachungulia. Katikati ya tui lililokwisha kuanza kushika palikuwa na kipande cha lipu, ukubwa wake kama kiganja cha mtoto. Upande mmoja ulikuwa na chokaa nyeupe. Upande wa pili ulikuwa mweusi kwa ukungu, umelowa, unanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni.

"Hii ni dari yangu," akasema. "Na juu ya dari yangu ni wewe, mwanangu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Nami ningepandisha yangu, tukamaliza. Akageuka, akashuka polepole, sufuria kaiegemeza kiunoni na mkono mmoja ukipapasa ukuta, kwa sababu taa ya ngazi ya ghorofa yetu ilikuwa haijawaka tangu Idi ya kuchinja.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari. Mpaka leo sijaweza kula maharage ya nazi bila kuangalia juu kwanza.

## Mtu wa ndani

Cha kwanza nilichofanya, nakiri, ni kutafuta pa kuponea. Jiko lake liko chini ya jiko langu. Nikaenda jikoni, nikalala kifudifudi chini ya sinki na tochi ya simu, nikapapasa sakafu yote. Pakavu. Pakavu hadi vumbi lipo. Nikanyanyuka kama mtu aliyefutiwa kesi. Kama jiko langu ni kavu, basi maji si yangu. Ni uzee wa jengo. Ni wenye jengo.

Mwenye jengo letu ni taasisi ya umma. Sitaitaja, maana kisa hiki si chao, ni changu.

Tatizo ni kwamba mezani, chini ya bakuli la funguo, kulikuwa na karatasi niliyoiweka pale mwezi Desemba. "Tulifika kwa ukaguzi, hatukukuta mtu."

Mtu alikuwepo.

Tangazo lilibandikwa wiki nzima pale chini karibu na mita za umeme: ukaguzi wa fleti zote kumi na sita, Jumanne, kuanzia saa tatu asubuhi. Siku hiyo nilikuwa likizo. Nilipowasikia wamefika ghorofa yetu nikapunguza redio. Hodi. Nikazuia pumzi. Hodi. Nikaona vivuli vya viatu chini ya mlango. Hodi ya tatu, na hiyo kwa adabu zetu ndiyo ya mwisho. Mgeni akishaisema bila kuitikiwa huondoka zake bila kinyongo. Wakaondoka. Karatasi ikapenya chini ya mlango kwa mchakacho mdogo kama wa panya.

Adabu ya hodi iliwekwa ili mwenyeji asikutwe ovyo. Mimi niliigeuza komeo.

Na sababu ya kujificha ilikuwa bafu. Miaka minne iliyopita nilichoka na lile bafu la tangu enzi za baba: sakafu ya sementi nyekundu iliyochakaa, choo cha kuchuchumaa, mdomo wa kutolea maji umebanwa pembeni nyuma ya mlango. Nikatafuta fundi mtaani. Siku tatu tu, akanivunjia, akanishushia sakafu, akauhamisha mdomo wa maji kutoka pembeni hadi katikati, akaweka marumaru za kijivu na bomba la mvua. Wageni walikuwa wakitoka mle wakisema, "Aisee, kama hoteli." Sikumwomba mtu ruhusa. Mkataba wa upangaji, ambao aliusaini marehemu baba na mimi nikaurithi pamoja na sanduku lake la nyaraka, unakataza kubadilisha chochote bila kibali cha maandishi. Niliusoma kwa mara ya kwanza Januari hii. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja tulipohamia hapa. Sasa nina mvi.

Na katika miaka hiyohiyo minne, kwenye kundi letu la WhatsApp la wakazi, mimi ndiye niliyekuwa msemaji. "Tumetelekezwa." "Jengo linaoza, wao wanakusanya kodi tu." Usiku wa ile Jumamosi nilirudi nyuma kusoma ujumbe wangu mwenyewe. Nikahesabu hadi thelathini na kitu, nikachoka.

## Pakiti mbili za bluu

Jumatatu nilimleta fundi mwingine, mzee aliyewahi kufanya kazi ya mabomba kwenye majengo ya umma karibu maisha yake yote. Aliingia, akavua viatu, akasimama bafuni bila kugusa kitu. Akapiga marumaru kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, kama daktari anayepima kifua. Nyingine ziliitika kwa sauti nzito, nyingine kwa sauti tupu.

"Nani alikuhamishia huu mdomo?"

Nikamtaja fundi wa mtaani kwa jina moja tu, maana la pili sikuwahi kulijua.

"Hakuweka dawa ya kuzuia maji chini?"

Sikujua kama kulikuwa na dawa ya kuwekwa.

Nikamweleza utetezi wangu: mama yule dari imemwangukia jikoni, na bafu langu haliko juu ya jiko lake, liko juu ya bafu lake. Akacheka bila sauti. "Maji hayasomi ramani, bosi. Yanaingia hapa, yanatembea juu ya zege yakitafuta ufa, yanatokea anapopata tabu mtu mwingine." Halafu akanituma dukani nikanunue bluu ya kufulia, pakiti mbili.

Akaziba mdomo wa maji kwa tambara lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akamwaga ndoo mbili, akakoroga bluu, bafu langu la hoteli likawa bwawa. "Usiguse mpaka kesho. Ikitokea kwa mama chini, ni yako. Isipotokea, tutatafuta kwingine."

Usiku ule ulikuwa mrefu kuliko kazi yenyewe. Nilioga kwa jirani wa namba kumi. Nikalala nikiomba, kwa kweli nikiomba, kosa liwe la bomba kuu, lile la chuma linaloshuka kutoka ghorofa ya juu hadi kwenye chemba. Nililijengea hoja kamili kitandani: lina umri gani, lilipakwa rangi lini mara ya mwisho, nani alipaswa kulikagua. Ilikuwa hoja nzuri. Nilikaribia kuiandika kwenye kundi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilishuka. Mama alikuwa ameshaweka kiti chini ya ile sehemu, amekaa kando na kikombe cha chai ya rangi. Tukaangalia juu wote wawili. Pale lipu lilipobanduka nondo ilionekana, imeota kutu, imevimba na kuchanika kama ganda la mua. Kwenye ncha yake palikuwa na tone. Lilining'inia muda mrefu, likakua, likavuta mwanga wa dirisha.

Lilikuwa la bluu.

Si bluu iliyokolea. Hafifu, kama maji yaliyosuuzia kalamu. Likadondoka kwenye beseni. Likafuata jingine.

"Angalau rangi yake nzuri," mama akasema, akanywa chai.

## Maneno sita

Kuhusu ile nondo, fundi alinieleza jambo ambalo sikulijua. Chuma kikiota kutu, kutu hiyo hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya zege hakuna nafasi. Basi nondo hunenepa na kulisukuma zege mpaka lipasuke kutokea ndani. Kwa hiyo kile kipande cha kwenye maharage hakikuoshwa na maji kikaanguka; kilisukumwa, kidogokidogo, kwa miaka minne, kila nilipooga nikiimba.

Tulipobandua marumaru tulikuta vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa changu bila ubishi: bomba jipya la plastiki, lile lililolazwa kutoka katikati ya sakafu hadi ukutani, liliunganishwa kwa sementi badala ya gundi yake, na chini yake hakuna kizuizi chochote. Cha pili kilikuwa na utata. Pale bomba langu lilipoingia kwenye lile kuu la chuma, chuma kilikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Nikamuuliza fundi hilo la ufa ni la nani.

Akafuta mikono, akasema: "Bomba lililosimama la wote, lililolala lako."

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema karibu hayohayo, ila kwa maneno mengi. Mtu akipangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia zinazotumiwa na wote humwangukia mwenye jengo. Mpangaji hubeba kilichomo ndani ya sehemu yake. Mwenye jengo ana haki ya kuingia na kukagua, mradi asimsumbue mpangaji kupita kiasi. Kwa walionunua fleti ipo sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo: ukinunua tu umeshakuwa mwanachama wa chama cha wamiliki, upende usipende, na ngazi na paa mtachangia wote. Fundi wangu hajasoma hata moja kati ya hizo.

"Na pale linapolala likakutana na lililosimama?" nikamuuliza.

"Hapo," akasema, "ndipo watu wanapogombana."

Nimeshalifikiria jibu hilo sana. Ule ufa ungeweza kuwa wa uzee. Chuma kile ni cha zamani kuliko mimi. Ungeweza pia kuwa wa nyundo ya fundi wangu wa kwanza siku alipotoboa. Hakuna bluu ya kutenganisha hayo mawili. Ukaguzi wa kila mwaka ungejua, maana ungekuwa na kumbukumbu: mwaka juzi chuma kizima, mwaka jana kina ufa. Lakini kumbukumbu ya fleti yangu ni ukurasa mtupu wenye maneno "hatukukuta mtu". Ukurasa huo niliutengeneza mimi, na sasa ndio ninaouhitaji kunitetea.

Kila mtu niliyemsimulia kisa hiki ameniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa. Ila methali hiyo ilitungwa kwa mtu mwenye ukuta wake peke yake. Haisemi ufa ukiwa wa watu kumi na sita nani ashike mwiko.

## Maji yasiyo na uani

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na uani. Ndiyo chuo chetu sote cha kutunza nyumba: unapiga deki kwa ndoo tatu, unasukumia maji yote uani, udongo unakunywa. Unaosha vyombo, unamwaga uani. Unaoga kwa ndoo na kopo kwenye kibanda cha makuti, maji yanakwenda kwenye migomba. Usafi kwetu ni maji mengi na kwa kishindo. Mtu anayefuta sakafu kwa kitambaa kibichi tu, bibi alikuwa akimwita mvivu mbele ya wageni.

Tukapandishwa ghorofani na tabia zile zile. Maji sasa hayana uani, yana anwani.

Machi 2022 Rais Samia alifungua majengo mapya ya Magomeni Kota, Dar es Salaam. Zaidi ya kaya 600 zilizowahi kuishi kwenye zile kota za chini zikapewa nafasi ya kurudi palepale, safari hii zikipangwa juu kwa juu. Nilifurahi kama kila mtu. Rafiki yangu wa utotoni alitoka zile kota. Leo najiuliza swali ambalo wakati ule halikunijia: kuna mtu aliyekaa na zile familia akawaambia kwamba ndoo ni ileile, kopo ni lilelile, lakini chini si udongo tena, ni kichwa cha jirani? Kukabidhiwa funguo huwa kuna picha. Kuoneshwa koki ya kufungia maji iko wapi, sidhani kama kuna mpiga picha anayekwenda.

Michenzani kule Unguja kuna swali jingine tena. Yale majengo marefu kama treni walipewa watu waliobomolewa nyumba zao za mtaa wa Ng'ambo baada ya Mapinduzi. Ilikuwa zawadi. Zawadi unaitengeneza au unamwita aliyekupa? Nimewahi kubishana hilo na shemeji yangu mpaka chai ikapoa, na sikushinda.

## Simu kutoka London

Makala hii niliimaliza mara ya kwanza wiki mbili zilizopita. Ilikuwa fupi, na ilikuwa inamchapa mpangaji tangu mstari wa kwanza: sisi ndio tunaovunja, sisi ndio tunaojificha, tuache kulalamika. Nikamtumia dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi London kwenye fleti ya halmashauri, ghorofa ya tisa.

Akanipigia saa nne usiku. "Umeandika kama mwenye nyumba."

Akaniambia habari za Awaab Ishak. Mtoto wa miaka miwili, wazazi wake wametoka Sudan, alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale, Uingereza, baada ya kuishi maisha yake yote kwenye fleti ya chumba kimoja iliyojaa ukungu. Baba yake alianza kulalamika mwaka 2017, kabla mtoto hajazaliwa. Wenye nyumba waliona chanzo ni jinsi familia inavyoishi, pamoja na namna yao ya kuoga. Ndiyo, ndoo. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba mtoto aliuawa na ule ukungu, na wenye nyumba wakaja kukiri kwamba ile dhana yao kuhusu maisha ya familia ilikuwa makosa. Sasa kuna sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo. Tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za umma kule wanapewa muda maalumu: hatari ya dharura ndani ya saa 24, unyevu na ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku kumi za kazi.

"Unaona?" dada akasema. "Hayo maneno yako ya wajibu wa mpangaji, kuna watu wameyatumia kumnyamazisha baba wa mtoto."

Nilikaa kimya. Nikaangalia ile makala kwenye skrini, nikaona kweli kila sentensi yake ingeweza kubandikwa ukutani na ofisa asiyetaka kupanda ngazi.

Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenigeuzia tena mazungumzo, bila kukusudia. Akasema kesho yake anamsubiri mtu wa kukagua mlango. Mlango gani? Mlango wa fleti yake. Tangu Januari 2023 majengo marefu kule lazima milango ya fleti ikaguliwe kila mwaka kama inajifunga yenyewe. Ni matokeo ya moto wa jengo la ghorofa la Grenfell, palepale London, 14 Juni 2017, uliowaua watu 72. Moto ule ulipanda nje ya jengo kwa sababu ya mabamba yaliyobandikwa kutani na wakubwa, hilo halina mjadala, na wakazi walikuwa wamelalamikia usalama wa jengo miaka kabla. Ila uchunguzi ulikuta pia kwamba milango mingi ya fleti haikujifunga, kwa kuwa kifaa chake kimeharibika au hakipo, na moshi ukatoka kwa mmoja ukaingia kwenye ukumbi na ngazi za wote.

"Na usipomfungulia huyo mkaguzi?"

"Nimfungulie," akasema. "Moshi wangu ungekwenda kwa nani?"

Tukacheka kidogo, kisha tukaacha kucheka.

Ndipo nilipofuta ile makala. Kilichokuwa kikinikera wiki zote hizi hakikuwa swali la nani mwenye hatia kati ya mpangaji na mwenye jengo. Mimi nilidhani nilipojificha nyuma ya mlango nilikuwa kwenye mchezo wa watu wawili, mimi na ofisi. Ofisi haikupungukiwa kitu. Hakuna meza iliyolowa kule. Niliyemfungia mlango ni mkaguzi, aliyelowa ni mama wa chini, ambaye yeye siku ile ya Desemba alifungua, akawakaribisha na kuwaonesha doa lililoanza darini. Wakaandika: chanzo kinaweza kuwa fleti ya juu. Wakapanda. Wakapiga hodi.

Hili la mwisho sikulijua mpaka aliponionesha nakala yake.

## Juu ya paa

Siku ya kufunga maji ili fundi aunganishe, tulipanda paani. Sikuwa nimefika huko tangu utoto, tulipokuwa tunarushia tiara. Nilihesabu matangi kumi na moja ya plastiki, kila moja na familia yake, kila moja na bomba lake linaloshuka ukutani kwa nje kama mizizi inayoning'inia. Mengi ni ya lita elfu moja. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo tumepandisha juu ya vichwa vyetu tani kama kumi na moja, tangi moja moja, kila mtu akiona lake ni jepesi. Hakuna aliyemuuliza mhandisi. Changu ni lile la bluu karibu na ngazi.

Sina la kuongeza hapo. Nililipunguza maji hadi nusu siku hiyohiyo, nikajihisi mjinga, maana kumi yaliyobaki yalikuwa yamejaa.

## "Wengi huwa wapo"

Barua niliiandika mara tano. Mbili za kwanza zilianza na "Napenda kulalamika". Ya tano ilisema nilibadilisha bafu bila kibali mwaka huo na huo, kwamba bomba linalolala nimelirekebisha kwa gharama yangu, kwamba lililosimama lina ufa pale yanapokutana, na kwamba naomba lije kuonwa. Nikaambatanisha picha ya tone. Dada wa mapokezi aliigonga muhuri bila kuisoma, na nilishukuru.

Siku ya kumi na moja walikuja. Safari hii hodi ya kwanza haikumalizika. Alikuwa msichana wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho, amevaa kizibao cha njano, na kijana mmoja amebeba ngazi.

"Samahani kaka, hii fleti namba nane? Desemba tulifika. Hukuwepo?"

Mke wangu alikuwa amesimama jikoni, ananiangalia.

"Nilikuwepo."

Hakuinua kichwa kwenye karatasi yake. "Wengi huwa wapo," akasema, akaandika kitu kifupi, akaingia.

Alikaa bafuni robo saa. Aliuliza maswali ambayo sikuyategemea: koki ya kufunga maji ya fleti nzima iko wapi, na je, mtoto anaweza kuifikia? Sikujua iko wapi mpaka fundi aliponionesha mwezi uliopita. Nikamwonesha kwa kujidai kidogo. Akaniambia nitatakiwa kujaza fomu ya mabadiliko na kwamba uamuzi wa kama nilipe sehemu ya lile bomba kuu si wake. Uamuzi huo bado haujatoka. Kuna siku naona ni haki nilipe nusu. Kuna siku naona nilipe yote. Na kuna siku, nikiwa nimechoka, ile hoja ya kitandani hunirudia ikiwa nzima kabisa, na bado ni hoja nzuri.

Taa ya ngazi tuliifunga wenyewe, mimi na yule jirani wa namba kumi, ndani ya kikapu cha waya ili isiibiwe. Ukweli ni kwamba mpaka sasa naona hiyo si kazi yetu. Lakini yule mama hushuka na sufuria.

## Doa

Fundi alitaka kupaka rangi dari ya mama. Alikuwa amekwisha kuikwangua ile nondo, ameipaka dawa, amerudishia lipu vizuri. Limebaki doa la mviringo, katikati jeupe, kingo zake za bluu hafifu.

Mama akakataa. "Masika yanakuja. Nikipaka rangi sasa nitajuaje?"

Kwa hiyo doa lipo, na amelizungushia alama ya penseli, mstari mwembamba unaofuata ukingo wake, na tarehe kwa mwandiko mdogo wa kiuguzi. Alikuwa muuguzi miaka thelathini. Mimi kila Jumamosi nashuka na tochi ya simu, napanda kwenye kiti, naangalia kama bluu imevuka penseli.

Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilichelewa kuamka. Nikashuka na ndala, ngazi zinang'aa chini ya ile taa, nikasimama mlangoni kwake.

"Hodi."

Kimya. Nikasikia redio inapunguzwa.

"Hodi, mama."

Kimya tena, kisha nikamsikia anacheka mle ndani.

"Sipo," akasema. "Karibu."